Mpira wa mkojo usigeuzwe kuwa tiba ya tezi dume

Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia hapa Dar es Salaam zinazunguka video fupi za matibabu ya tezi dume yasiyo na kisu. Daktari wa ng'ambo anaonyesha mchoro, kifaa chembamba kinaingia, mvuke unapulizwa, na mzee anaondoka hospitali siku hiyohiyo akitabasamu. Chini ya video maswali hayabadiliki: hii huku kwetu ipo? Ni shilingi ngapi? Ni maswali ya haki kabisa. Lakini yanatanguliwa na lingine ambalo halimo kwenye video: mzee huyu alianza lini kukojoa kwa shida, na kibofu chake kimebakiwa na nguvu kiasi gani? Sehemu kubwa ya matibabu haya madogo ilibuniwa kwa ajili ya mwanaume aliyewahi. Sisi tumejenga huduma ya kumpokea aliyechelewa, na tukishampokea tunamwekea mpira, ule mrija laini unaopitishwa hadi kibofuni kutoa mkojo.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo mfano wa ngumi iliyokamata bomba. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisogea inakua, na hilo halichagui tajiri wala maskini: ukiitazama kwa hadubini, takriban nusu ya wanaume waliofika miaka 60 wana dalili za kukua huko, na wakifika 85 ni karibu 9 kati ya 10. Kukua peke yake si ugonjwa. Wako wazee wenye tezi kubwa wanaokojoa bila tabu, na wako wenye tezi ya wastani ambao kila safari ya choo ni vita. Kinachoamua ni inavyobana, na kibofu kinavyojibu.

Hapo kwenye kibofu ndipo ningependa msomaji atulie. Njia ikibanwa, kibofu kinasukuma kwa nguvu zaidi. Misuli yake inanenepa, inakuwa na hasira, ndiyo maana mzee anaamka mara nne usiku na akihisi haja hawezi kusubiri. Miaka ikipita misuli ile inachoka. Mkojo unabaki ndani kila anapomaliza, kwanza kidogo, kisha mwingi. Kwa wengine unarudisha shinikizo hadi kwenye figo. Kibofu kikishalegea kabisa, unaweza ukaondoa tezi yote kwa ustadi mkubwa na mkojo bado usitoke vizuri. Hakuna mvuke wala leza inayorudisha misuli iliyokwisha.

Kwa hiyo muda una thamani kuliko mashine. Na kupima muda huo hakuhitaji mitambo ya mamilioni. Lipo dodoso linalotumika dunia nzima, maswali 7 tu: unahisi kibofu hakijaisha? Unarudi chooni kabla ya muda wa saa mbili kupita? Mkojo unakatikakatika? Unashindwa kuuzuia? Unatoka kwa unyonge? Unajikamua ili uanze? Unaamka mara ngapi usiku? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5, jumla ni 35. Chini ya 8 ni shida ndogo, 8 hadi 19 ni ya wastani, 20 na kuendelea ni kubwa. Nesi wa kituo cha afya anaweza kuyauliza mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Ukiongeza kipimo cha mkojo, cha sukari, na ultrasaundi ya kuona mkojo unaobaki baada ya haja, umeshajua mengi kuliko wanayoyajua wengi wanaofika hospitali ya rufaa.

Sasa kwa nini hawafiki? Jibu la haraka tunalolitoa ni kwamba wanaume wanaogopa kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Ni kweli, na mzaha tunaoufanya juu ya kipimo hicho, vijiweni na hata redioni, umewagharimu watu afya zao. Kipimo kile huchukua chini ya dakika moja, na daktari anatafuta kitu cha maana: uvimbe mgumu unaoweza kuwa saratani. Lakini nikisikiliza wazee wenyewe, nasikia jambo jingine lenye uzito kuliko kidole. Wengi wanaamini kabisa kwamba hivi ndivyo uzee ulivyo. Baba yake aliamka usiku, babu yake aliamka usiku, naye anaamka. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kipindi cha kati ambacho dawa na matibabu madogo vinafanya kazi, na kwamba kipindi hicho kinapita.

Halafu kuna suala la ibada, ambalo sijaliona likiandikwa kwenye kipeperushi chochote cha afya, na jijini kwetu ni kubwa. Mzee anayedondokwa na matone baada ya kutoka chooni hana uhakika na udhu wake. Anaanza kuchelewa swala ya jamaa, kisha anahamia safu ya nyuma karibu na mlango, kisha anaswali nyumbani. Majirani wanadhani ni miguu. Masheikh wanaijua vizuri hukumu ya mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo, kwamba ana nafasi yake katika sheria na ibada yake haipotei. Wakiisema hadharani, na wakiongeza sentensi moja kwamba udhuru huu una tiba, watawafikisha wanaume kliniki kwa wingi ambao tangazo la wizara halitaufikia. Wachungaji nao wana wazee wanaotoka katikati ya mahubiri mara mbili. Hawatoki kwa sababu ya kuchoka na neno.

Kuhusu dawa niwe mfupi, kwa kuwa zinajulikana. Tamsulosini na jamaa zake hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana ndani ya siku chache. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini inataka uvumilivu wa miezi 6 hivi. Anayeitumia amwambie daktari kila anapopimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, maana huishusha karibu nusu na kuweza kuficha saratani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa dawa za makundi haya mawili zikitumika pamoja hupunguza uwezekano wa ugonjwa kuendelea kwa takriban theluthi mbili. Ni dawa nzuri. Tatizo ni mtu kuzimeza miaka mitano, akijinunulia duka la dawa la mtaani, bila yeyote kuangalia kama kibofu kinamaliza mkojo.

Dawa za asili nazo zisemwe kwa haki. Gome la mti unaoota kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambao wanasayansi wanauita Prunus africana, limesafirishwa kwenda Ulaya kwa miaka mingi kutengenezea vidonge vya tezi dume, hadi mti wenyewe ukawekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 1995 usije ukatoweka. Tafiti ndogondogo zilionyesha nafuu kiasi ya dalili. Kwa hiyo simcheki mzee anayechemsha magome. Lakini nafuu ya dalili si kufunguka kwa njia, na chupa inayouzwa Kariakoo ikiandikwa "inayeyusha tezi dume bila upasuaji" haijapimwa na mtu yeyote. Mbaya zaidi inakula ile miaka ambayo kibofu kilikuwa bado kina nguvu.

Tuje kwenye mpira. Asubuhi moja, kwenye kliniki ya mkojo ya hospitali moja hapa mjini, nilikaa karibu na mzee aliyevaa kanzu, miguuni ana kikapu cha ukili kilichofunikwa kipande cha khanga. Nikadhani ni chakula. Ulikuwa mfuko wa mkojo, na mpira umepita chini ya kanzu. Nesi alipomfikia alisema, "Shikamoo babu. Leo tunatoa au tunabadilisha?" Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Kubadilisha tu." Baadaye akaniambia kwamba hutoka Mbagala alfajiri ili apate kiti cha nyuma cha daladala, kwenye kona, mahali ambapo hakuna mtu wa kuukanyaga mfuko. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imesogezwa, na hakuna aliyempa nyingine. Alikuwa ameshazoea. Mimi sikuweza kuzoea kwa niaba yake.

Mkojo ukiziba ghafla, mpira huokoa maisha, na hakuna mwenye akili atakayeupinga. Ila utaratibu unaofuatwa duniani ni kwamba mgonjwa huyo aanzishiwe tamsulosini au dawa ya kundi hilo, na baada ya siku chache mpira utolewe kumjaribu kama anaweza kukojoa. Sehemu nzuri yao huweza. Wasioweza wapangiwe matibabu ya kufungua njia. Mpira unaokaa miezi huleta maambukizi, huziba kwa uchafu, hutengeneza mawe kibofuni. Na una gharama ambazo haziandikwi popote: nauli ya kubadilisha kila baada ya wiki kadhaa, kijana anayeacha shughuli zake kumsindikiza, viuavijasumu, biashara ndogo iliyofungwa kwa kuwa mwenye genge haoni vizuri kuwahudumia wateja akiwa na mfuko. Kwenye vitabu vya hospitali mpira ni kitu cha bei ndogo sana. Kwenye maisha ya familia ni tiba ya ghali kuliko zote, na ndiyo maana nasema hesabu zetu zimekosewa tangu mwanzo: tunalinganisha bei ya utaratibu mpya na bei ya vidonge, wakati ingelinganishwa na mwaka mzima wa mpira.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze mashine.

Iliyozoeleka zaidi duniani ni TURP, ambapo daktari hupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kuikwangua tezi vipande vipande, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya mgongoni. Haina mshono. Ilianza kushika mizizi Marekani miaka ya 1920 na 1930, na mpaka leo kila njia mpya hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Hapa kwetu ipo, lakini wanaume wengi bado wanapasuliwa tumbo chini ya kitovu kwa sababu tezi zao zimeshakuwa kubwa mno au kwa sababu hospitali waliyofika haina kifaa. Kwangu mimi hii ndiyo aibu ya kwanza ya kuondoa. Kabla ya mtu kuota mvuke, hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala ziwe na vifaa vya TURP vinavyotumia maji ya chumvi ya kawaida. Vile vya zamani vilitumia maji ya glaisini, ambayo yakiingia kwa wingi kwenye damu yanamvuruga mgonjwa hadi kuhatarisha maisha. Vya chumvi vimeiondoa hatari hiyo.

TURP ina bei yake mwilini, na wagonjwa wanastahili kuambiwa kabla. Wengi wao, kama theluthi mbili hivi au zaidi, wakifika kileleni baadaye mbegu hurudi kibofuni badala ya kutoka. Nguvu za kiume kwa kawaida hazipotei. Mzee asipoelezwa tofauti hiyo, akatoka na kujiona "mkavu", atawaambia wenzake barazani kwamba amekatwa uanaume, na wote watano waliomsikiliza wataikimbia hospitali.

Hapo ndipo njia ndogo zinapata hoja yao ya kweli. Rezum, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, hupuliza mvuke ndani ya tezi kwa sekunde 9 kila pigo. Nyama iliyopigwa hufa na mwili huifyonza kwa wiki kadhaa. UroLift, iliyotangulia mwaka 2013, hubana tezi kwa vipini vidogo na kuisogeza pembeni ili njia iwe wazi. Zote mbili huhifadhi utokaji wa mbegu kwa wanaume wengi mno. Video hazisemi kwamba baada ya mvuke mgonjwa hukaa na mpira siku kadhaa na nafuu yenyewe huja polepole, hadi miezi 3. Wala hazisemi kwamba katika utafiti wa miaka 5 wa UroLift, zaidi ya mmoja kati ya 8 alihitaji kufanyiwa tena. Kwa Rezum ilikuwa chini ya mmoja kati ya 20. Na kwa Dar es Salaam kuna kikwazo kingine: kila mgonjwa hutumia kifaa chake kipya kutoka nje, kinatupwa baada ya kazi. Hospitali binafsi itaweza, kwa wenye uwezo. Sioni bima ya umma ikiubeba mzigo huo kesho.

Njia inayonivutia zaidi kwa jiji hili ni kuziba mishipa ya damu inayolisha tezi. Daktari wa tiba radiolojia huingiza mrija mwembamba kupitia paja au kifundo cha mkono, akaufuata mshipa kwa picha ya eksirei hadi kwenye tezi, kisha akaachia chembe ndogo sana zinazokata chakula chake. Tezi husinyaa. Hakuna nusu kaputi, ganzi ya sehemu inatosha, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Waanzilishi wake walifanya kazi hiyo Brazil na Ureno mwishoni mwa muongo wa 2000, nchi ambazo nazo hazikusubiri Marekani iwafundishe.

Kwa nini iwe hii? Kwa sababu sehemu ngumu tumeshaianza. Tangu 2018 Muhimbili na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi wamekuwa wakiwafundisha madaktari wa Kitanzania tiba radiolojia, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale. Ujuzi wa kuziba mshipa unaolisha fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, kwa mama ndio huohuo unaotakiwa kwa baba, ingawa mishipa ya tezi dume ni myembamba na inataka mazoezi zaidi. Mitambo ya kuingia kwenye mishipa kwa picha si kitu kigeni Upanga, ilipo Muhimbili. Wenzao wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwenye eneo hilohilo, wanaishi nayo. Na njia hii inamfaa mgonjwa tuliye naye kwa wingi: mzee mwenye tezi kubwa, presha, sukari, moyo usioaminika, ambaye daktari wa usingizi anamwogopa. Huyo ndiye anayeachiwa mpira leo kwa kuambiwa "hatuwezi kukupasua".

Sitaipamba kuliko inavyostahili. Uingereza, wagonjwa waliofuatiliwa mwaka mmoja walipungukiwa na alama kama 10 za lile dodoso baada ya kuzibwa mishipa, na 15 baada ya tiba ya TURP. Uswisi, baada ya miaka miwili, mmoja kati ya watano waliozibwa mishipa alikuwa amerudi kufanyiwa TURP. Mwenye afya ya kuhimili TURP na asiyejali mbegu kurudi nyuma, TURP itamfungulia njia vizuri zaidi. Kuziba mishipa ni kwa asiyeweza, na kwa anayechagua akiwa ameelewa.

Liko jambo moja ambalo nawasihi madaktari wasiliharakishe. TURP na upasuaji hutoa nyama, na nyama hiyo huenda maabara. Wapo wanaume waliogundulika na saratani kwa njia hiyo bila kutarajia. Mvuke, vipini na kuziba mishipa havitoi nyama yoyote. Saratani ya tezi dume iko miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume nchini, na wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mara nyingi wamechelewa. Kwa hiyo kidole, PSA, na kuchukua kinyama pale panapotiliwa shaka, vitangulie kila njia isiyo na kisu, hata kama mgonjwa amekuja na video mkononi na pesa mfukoni. Pia daktari ahakikishe kwamba kinachobana ni tezi kweli. Hapa Pwani, makovu ya njia ya mkojo yaliyoachwa na kisonono cha ujanani huleta dalili zilezile, na kichocho nacho kina sehemu yake kwenye vibofu vyetu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mjadala wa nini kiingie kwenye kitita utaendelea kwa miaka. Nataka tezi dume iwe kwenye meza hiyo kwa hesabu kamili. TURP iwemo bila mgonjwa kutembeza bakuli kwa ndugu. Kuziba mishipa kuwemo kwa yule ambaye jopo la daktari wa mkojo na wa usingizi limethibitisha kuwa hawezi kupasuliwa, kufanyike Muhimbili kwanza, na matokeo yahesabiwe kwa dodoso lilelile la maswali 7 kabla na baada, ili baada ya miaka miwili tuwe na takwimu zetu wenyewe. Hospitali za rufaa za mkoa zipewe lengo linalopimika: siku ngapi hupita tangu mwanaume kuwekewa mpira hadi kufunguliwa njia. Sasa hivi ukiuliza swali hilo dirishani, unaonyeshwa rundo la mafaili.

Na mzee anayewekewa mpira usiku wa leo pale dharura, cheti anachopewa asubuhi kiwe na mambo matatu kwa maandishi: dawa aliyoanzishiwa, tarehe ya kuutoa na kumjaribu, na hospitali itakayompokea endapo jaribio litashindikana.